Pampu ya mafuta ya umeme kwenye Triumph Spitfire 1500: presha ngapi, ifungwe wapi, waya zipite vipi?

Gurudumu_Waya

Wakuu, habari zenu. Gari ni Triumph Spitfire 1500 ya 1976, cc 1493, kabureta mbili za SU HS4, bado inatumia platini (ile swichi ndogo ya ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili). Pampu ya mafuta ni ya kawaida, ile inayosukumwa na kemshafti.

Dalili ni mbili. Ikikaa wiki mbili bila kuwashwa, starta inazunguka muda mrefu ndipo injini ishike. Pili, ikizimwa ikiwa ya moto na kuwashwa baada ya dakika kama kumi na tano, inashika, inakwenda mita mia hivi, inakohoa na kuzima.

Pampu ya umeme ninayo tayari: Facet ya umbo la silinda, Red Top, kwa sababu inasifiwa kuwa na nguvu. Naomba kujua: inafaa kwa SU? Ikae nyuma kwa tenki au mbele kwa injini? Umeme wake niuchukue kwenye koili? Na pampu ya zamani niiache njiani iwe akiba?

SindanoNaBoya

Usiifunge hiyo pampu peke yake, mkuu. Red Top inatoa psi (ratili kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha) 6 hadi 7. SU zinataka psi 2.5 hivi, na 3 ndiyo mwisho.

Ndani ya bakuli la kabureta kuna boya. Mafuta yakipanda, boya linapanda nayo na kuikandamiza sindano kwenye kiti chake mpaka njia inafungwa. Nguvu ya kufunga ni ile ya boya kuelea, basi, hakuna springi kubwa wala kitu kingine cha kusaidia. Presha ikiizidi nguvu hiyo, sindano inanyanyuliwa, bakuli linafurika, na petroli inatokea kwenye kibomba cha kumwagia. Kwenye Spitfire kabureta na ekzosi ziko ubavu mmoja wa injini, kabureta juu, ekzosi chini. Kwa hiyo kufurika kwenye gari hili ni suala la moto, acha hasara ya mafuta.

Kosa linaloleta Red Top kwenye magari kama haya ni kuchukulia presha kana kwamba ndiyo wingi wa mafuta. Piga hesabu. Injini ya farasi 71 ikikanyagwa mpaka mwisho inakula karibu nusu ratili ya petroli kwa kila farasi kwa saa. Hizo ni kilo 16, yaani lita 22 kwa saa, au mililita 360 kwa dakika. Pampu ndogo ya Facet ya mchemraba, ya presha ya chini, inapitisha zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho.

Njia zako ni mbili. Ya kwanza, irudishe Red Top uchukue ya presha ya chini. Ya pili, uiache lakini uweke regyuleta (kifaa cha kupunguza presha), mfano Malpassi Filter King, ambayo ina filta yake ndani. Mimi ningebadilisha pampu na regyuleta ningeiweka hata hivyo, kwa kuwa pampu nyingi zinazoandikwa "presha ya chini" zinafika psi 4 mafuta yakisimama, yaani sindano zikiwa zimefunga.

Regyuleta ikae mbele, karibu na kabureta. Petroli ikipanda mita moja inapoteza kama psi 1, kwa hiyo ukipima presha nyuma chini ya gari namba utakayoona si ile inayofika kwenye sindano.

Na tafadhali, usishawishike na pampu ya gari la injeksheni kwa sababu inapatikana kirahisi. Ile inasukuma psi 40 na zaidi. Hakuna boya litakaloihimili.

Bloku_1493

Kabla hujachukua spana, tenganisha hizo dalili mbili. Hazina chanzo kimoja.

Starta kuzunguka sana baada ya wiki mbili si ugonjwa. Petroli ya kwenye mabakuli imeyeyuka hewani, na pampu ya kemshafti haiwezi kuyajaza mpaka injini izunguke, tena kwa mwendo wa starta inazunguka polepole. Pampu ya umeme inalimaliza hilo moja kwa moja: unafungua swichi ya gari bila kupiga starta, unasubiri sekunde chache, unawasha.

Ya moto ndiyo ya kuangalia vizuri. Pampu ya zamani imekaa kwenye bloku, inapata joto la injini, na inavuta mafuta kutoka mbali. Kitu kikivutwa presha yake inashuka, na petroli yenye presha ndogo inachemka mapema. Mvuke ukiingia pampu inabaki kuvuta hewa. Ukiweka pampu nyuma inayosukuma, bomba zima linakuwa na presha na tatizo hilo linapungua sana. Lakini petroli inayochemka ndani ya bakuli la kabureta pampu haiigusi. Hiyo dawa yake ni kinga ya joto kati ya kabureta na ekzosi, na vile vitenganishi vya kabureta viwe vizima.

Halafu kuna uwezekano wa tatu, na kwenye gari la platini si mdogo: kondensa au koili inayokufa ikipata moto. Dalili zake zinafanana kabisa na za kukosa mafuta. Funga taa ya taimingi kwenye waya wa plagi, iweke mahali unapoiona ukiwa umekaa kwenye usukani, boneti ikiwa wazi na gari limesimama, kisha rudia mtihani wa moto huku ukishikilia resi. Injini ikikohoa na taa ikakatakata, tatizo ni umeme. Taa ikiendelea kumulika sawasawa mpaka injini inakufa, ni mafuta.

Mengine ya dakika tano:
- Fungua kifuniko cha tenki mara gari linapokohoa. Ukisikia tenki linavuta pumzi, tundu la hewa limeziba, na pampu yoyote utakayoweka itakwama hapohapo.
- Chomoa dipstiki unuse. Oili ikinuka petroli, au kipimo kikiwa kimepanda bila kuongezwa, dayaframu ya pampu ya zamani imepasuka na inamwaga kwenye sampu. Oili hiyo usiiendeshee hata kilomita moja, imwage.
- Angalia ulegevu wa bomba na mipira upande wa kuvuta. Ufa unaoingiza hewa hauvujishi mafuta nje, kwa hiyo macho hayauoni.

Mzee_Rilei

Nijibu la umeme, kwa kuwa hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinaharibika.

Kwenye koili usichukue. Spitfire 1500 ina waya wa ukinzani unaolisha koili, na injini ikishawaka pale kwenye plasi ya koili hupati volti 12 kamili. Pampu itagonga kwa uvivu, na wewe utadhani ni mbovu. Zaidi ya hapo utakuwa unaipunguzia koili chakula chake.

Tumia rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo; miguu yake ina namba. Mguu wa 30 utoke kwenye plasi ya betri kupitia fyuzi, na fyuzi iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana. Mguu wa 87 uende kwa pampu. 86 upate waya mweupe wa swichi ya gari. Kwenye rangi za Lucas mweupe ni umeme unaokuja swichi ikifunguliwa, na wa kahawia ni umeme wa kudumu, usivichanganye. 85 uende kwenye bodi. Rilei nyingine zina dayodi ndani, kwa hiyo 85 na 86 ukizigeuza unaiua dayodi.

Fyuzi ampea 5 inatosha, pampu hizi zinakula ampea 1 hadi 2. Usihangaike na waya mnene kama wa starta. Mita 4 za waya wa mm² 1 zina ukinzani wa kama ohm 0.07, ukipitisha ampea 2 unapoteza volti 0.14. Mimi napendekeza mm² 1.5 kwa sababu tu waya mwembamba chini ya gari unakatika kirahisi.

Kinachosahaulika ni arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi. Pampu inafungwa juu ya mipira ili isipige kelele, na mpira haupitishi umeme. Lazima pampu iwe na waya wake mweusi mpaka kwenye chesisi iliyokwanguliwa rangi. Wengi husema "pampu imekufa ikiwa mpya" kumbe haina arthi.

Sasa usalama. Pampu ya zamani injini ikizima nayo inazima. Ya umeme haijui lolote. Ukigongwa, bomba likakatika na swichi iko wazi, itaendelea kumwaga petroli mpaka tenki liishe. Weka vitu viwili, si kimoja:

1. Swichi ya mshtuko, ya aina inayopatikana kwenye magari mengi ya injeksheni yaliyoachwa gereji. Inafungwa wima kwenye ukuta mgumu wa bodi, si kwenye bati linalotikisika, na kitufe cha kuirudisha kiwe juu, mahali mkono unafika. Ipitishe kwenye waya wa 86, ampea ni ndogo. Ijaribu kabla ya kuifunga: ishike mkononi, igonge kwenye kiganja, kitufe kiruke.
2. Rilei inayosoma mapigo ya koili. Ina mguu wa ziada unaokwenda kwenye hasi ya koili. Swichi ikifunguliwa inaipa pampu umeme kwa muda mfupi ijaze mabakuli, kisha inakata mpaka ipate mapigo. Injini ikizima, inakata hata kama swichi imebaki wazi. Ukitumia hii, huhitaji ile rilei ya kawaida.

Kuna wanaotumia swichi ya taa ya oili badala ya hiyo. Ukifanya hivyo, jua kwamba swichi ya taa inafunga njia wakati presha ya oili *haipo*, kinyume cha unachotaka. Watu wanaigeuza kwa mguu wa 87a wa rilei (unaopitisha umeme rilei ikiwa imelala), inafanya kazi, ila waya wa swichi ukikatika pampu inabaki inafanya kazi daima. Kinga inayoharibika upande wa hatari siihesabu kuwa kinga.

Gurudumu_Waya

Asanteni sana. Red Top inarudi. Limebaki la mahali pa kuifunga na hatima ya pampu ya zamani. Nilifikiri kuiweka ndani ya buti, pale kavu pembeni ya tenki, na kuiacha ya zamani njiani ili ya umeme ikifa nifike nyumbani.

Chini_ya_Chesisi

Buti hapana. Kiungo kikilegea mvuke unakusanyika humo, na buti ya Spitfire imetenganishwa na viti kwa ubao tu. Iweke nje, chini, kwenye chesisi au sakafu ya nyuma, karibu na tenki na isiwe juu ya sehemu mafuta yanapotokea. Pampu hizi zinasukuma vizuri na zinavuta vibaya. Iwe upande usio na ekzosi, mbali na shafti za magurudumu, na isiwe sehemu ya chini kabisa inayopokea mawe.

Kabla ya kutoboa, tazama upande wa pili wa bati. Bomba la breki na waya za taa za nyuma hupenda kupita hapohapo unapotaka kupiga drili. Na usitoboe chochote karibu na tenki lenye mafuta.

Facet inafungwa mdomo wa kutolea ukiwa juu, imelala digrii 45 au kusimama wima, ili hewa ipande itoke. Ukiilaza sambamba na ardhi itafanya kazi, lakini kujijaza mara ya kwanza ni shida.

Mpangilio kutoka tenki: koki ya kufungia, filta ya wavu mkubwa, pampu, bomba la chuma la zamani, filta nyembamba au Filter King, kabureta. Koki ni muhimu kwa sababu tenki sasa liko juu ya pampu, ukichomoa mpira wa pampu linamwagika lenyewe. Filta nyembamba usiiweke kabla ya pampu, inaibana upande wa kuvuta. Tenki la miaka hiyo lina kutu, kwa hiyo nunua filta mbili za akiba, ya kwanza itajaa haraka.

Mipira ya mafuta: chukua yenye maandishi R9 (daraja la mpira linalovumilia ethanoli). Mpira wa R6 wa zamani unalainishwa na petroli yenye ethanoli mpaka unachanika ukiukunja. Pima bomba lako kwa kaliba, usikisie, maana mpira wa mm 8 kwenye bomba la mm 6 hakuna klempu itakayouziba. Klempu ziwe za ukanda laini za magari ya injeksheni. Zile za mkanda wenye mikato zinakula mpira. Ncha ya bomba iwe na kivimbe, la sivyo mpira utachomoka siku moja. Kila upande wa pampu acha sentimita kumi hivi za mpira, mtikisiko usihamie kwenye bomba na kuleta kelele ndani ya gari.

Kwenye nyuzi za pampu, 1/8 NPT (kipimo cha nyuzi za bomba), tumia gundi ya majimaji ya kuziba nyuzi inayovumilia petroli. Ule utepe mweupe wa mafundi bomba usiuguse. Kipande chake kidogo kikikatika kinakwenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cha sindano, na utamaliza wikendi nzima ukilaumu boya.

Pampu ya zamani itoe. Ukiiacha njiani, ya umeme inasukuma mafuta kupitia dayaframu yake, na dayaframu ya miaka mingi ikipasuka petroli inaingia kwenye sampu kwa presha, hata injini ikiwa imezimwa na swichi iko wazi. Hiyo si akiba. Akiba ni kuifunga kwenye kitambaa na kuiweka kwenye buti pamoja na gasketi mpya.

Tundu lake kwenye bloku zibe kwa bati la alumini la mm 5 au 6 na gasketi, usitumie bati jembamba, linapinda kati ya bolti mbili na oili inapita. Ile miguu yenye nyuzi ilitengenezwa kwa unene wa pampu, kwa hiyo nati zinaweza kufika mwisho wa nyuzi kabla ya kulibana bati. Ongeza washa au weka bolti fupi.

Na la mwisho kwa leo: usifanye kazi hii juu ya shimo la gereji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka shimoni na kukaa. Betri uitoe kwanza, hasi kabla ya plasi.

Mkia_wa_Samaki

Nami niulize hapohapo. Yangu ni Spitfire Mk2, bodi ni plasi, yaani plasi ya betri ndiyo imeungwa kwenye bodi. Maelezo ya Mzee_Rilei yanafaa?

Mzee_Rilei

Mpangilio ni uleule, ila agiza pampu iliyoandikwa kuwa ni ya bodi plasi. Pampu nyingi za elektroniki ukizigeuzia umeme zinaungua mara moja. Hata rilei inayosoma mapigo ya koili nyingi ni za bodi hasi tu, soma karatasi yake kwanza. Spitfire zilihamia bodi hasi kuanzia Mk3 ya 1967, lakini gari la umri huu limepita mikono mingi na huenda limeshabadilishwa, kwa hiyo amini multimita, si mwaka wa gari: waya gani wa betri umekwenda kwenye bodi?

SindanoNaBoya

Nimalizie la kuwasha mara ya kwanza, kwa kuwa ndipo presha inapothibitishwa.

Kabla ya kuunga kabureta, elekeza mpira wa mbele kwenye chombo cha chuma chenye vipimo, kizimamoto cha unga pembeni, na uipe pampu umeme moja kwa moja kwa dakika moja. Lita nusu ikipita kwa dakika umeshazidi unachohitaji. Ikiwa pungufu, usilaumu pampu kwanza, tazama tundu la hewa la tenki na filta ya nyuma. Yatazame mafuta yenyewe pia: mapovu yasiyokwisha baada ya sekunde ishirini za kwanza ni hewa inayoingia upande wa kuvuta.

Kisha weka tii (kiungo cha njia tatu) na geji kati ya regyuleta na kabureta. Geji iwe ya psi 0 hadi 15. Ile ya 0 hadi 100 haiwezi kukuonyesha tofauti ya 2.5 na 4. Namba zilizochapwa kwenye regyuleta zichukue kama mapambo. Rekebisha injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa, mpaka psi 2.5. Sasa zima injini, ipe pampu umeme tu, na usubiri dakika tano. Sindano zimefunga, mafuta hayaendi kokote. Presha ikipanda taratibu kutoka 2.5 kuelekea 4 au 5, kiti cha regyuleta hakifungi, na asubuhi moja utakuta harufu ya petroli gereji nzima. Isafishe au ibadilishe, kuipunguza kwa skrubu hakusaidii.

Presha ikiwa sawa na bado kabureta moja inafurika, tatizo ni la bakuli hilo. Geuza kifuniko chake juu chini, sindano ikiwa imefunga kwa uzito wa boya, na upime nafasi kati ya boya na ukingo: kama mm 3, shina la drili la kipimo hicho linatosha kuwa geji. Litikise boya karibu na sikio. Likiwa na petroli ndani utaisikia, na hilo halirekebishiki.

Baada ya hapo masikio yako ndiyo geji. Swichi ikifunguliwa pampu inagonga haraka, halafu mabakuli yakijaa kugonga kunapungua kasi. Ukisikia inaendelea kugonga haraka bila kupunguza na injini haijawaka, funga swichi hapohapo: ama tenki limeisha, ama inavuta hewa, ama mafuta yanatoka mahali. Anza kutafuta kwa kupitisha karatasi kavu chini ya kila kiungo, kuanzia kwenye kabureta kurudi nyuma.

Gurudumu_Waya

Kabla ya yote nimefanya mtihani wa taa ya taimingi wa Bloku_1493. Ikiwa ya moto taa inakatakata, kisha injini inakufa.

Bloku_1493

Basi badilisha kondensa kwanza, ni skrubu moja na waya mmoja, na upime tena kabla ya kutoboa chochote. Pampu ya umeme bado itakufaa kwa lile la wiki mbili, lakini ile ya mita mia haikutokana na mafuta.